Hodi Tupu

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
juu ya duka la vitenge la Bi Mwanshamba,
tuna chumba, feni moja, kompyuta tatu,
na lugha ya programu tuliyoiunda wenyewe,
mimi na Shemboko, kwa miaka miwili
na deni la chapati.
Tumeiita Kauli.

Limebaki swali moja, tena dogo:
mtu akiandika *kauli*, neno hilo tu,
akabonyeza enta bila kuongeza kitu,
afanyiwe nini?

Shemboko anasema apewe ukurasa wa maelezo,
amri zote na maana zake, kisha mlango ufungwe.
Mimi nasema apelekwe sebuleni,
pale kishale kinapopepesa kikingoja neno,
aandike moja ongeza moja,
ajibiwe mbili, acheke.

Sisi watu wa Tanga tunanuna kwa vina.
Jumatatu nilikuta karatasi imebandikwa kwenye feni:

  Aliyebisha mlango, hajasema ana nini,
  Mwonyeshe wote mpango, wa vilivyomo nyumbani,
  Asikae kwenye jengo, akajisahau ndani,
  Hodi isiyo na jambo, haifunguliwi mwangu.

Nikaigeuza, nikamjibu mgongoni mwake:

  Mgeni hana maneno, kwanza mpeni kigoda,
  Si karatasi na wino, kumsomesha kwa muda,
  Ataonja neno-neno, mpaka zimwishe shida,
  Karibu haina bei, mbona waitoza kodi?

Tukamwita Mwanamkasi, mjukuu wa Bi Mwanshamba,
kidato cha tatu, aliyepanda kuchaji simu.
Kwa Shemboko, maelezo yalimpita mbio kama maji ya mfereji,
ukabaki mstari wa mwisho.
“Nimeharibu?” Akavuta mkono
kama aliyegusa sufuria.
Kwangu, kishale kilipepesa, basi.
“Inataka nini?”
“Inakutaka wewe.”
Akaandika jina lake. Kosa.
Akaandika saba mara nane. Hamsini na sita.
Aliondoka baada ya adhana ya magharibi
na simu haikuwa imechajiwa,
alisahau kuichomeka.

Nilitembea kifua mbele siku mbili.

Kule Pongwe kuna ghala la mkonge.
Kila saa nane usiku Kauli huhesabu marobota,
yenyewe, hakuna mtu, hata taa hakuna.
Jumatano nilifupisha amri yao,
nikasahau kuandika jina la faili.
Likabaki neno tupu.
Usiku ule sebule ilifunguliwa gizani,
kishale kikapepesa hadi alfajiri:
karibu, karibu, karibu.
Kilikuwa kinamkaribisha nani?
Asubuhi marobota mia tatu na arobaini hayakuwa na hesabu,
lori limekwama getini,
na dereva Mkufya ananipigia simu
kwa lugha ambayo siyo Kauli.

Shemboko hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Alivuta kiti, tukaandika pamoja:
kwanza chungulia kibarazani;
ukiona vidole juu ya vitufe, fungua sebule;
pakiwa patupu, taja kosa kwa sauti, toka,
wenye lori wajue mapema.

“Na yule aliyepo,” akauliza, “ila anaona haya,
anaangalia tu?”
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Feni ilizunguka na gundi ya karatasi zetu.

Alhamisi Mwanamkasi alirudi,
akaandika *kauli*, akakaribishwa,
akazidisha, akagawanya, akakosea, akarudia.
Kisha akageuka.
“Nikitaka kuondoka, naaga vipi?”

Tuliangaliana, mimi na Shemboko.
Akajaribu *toka*. Kosa.
Akajaribu *basi*. Kosa.
Akajaribu *kwaheri*, herufi kwa herufi, kwa adabu,
kama alivyofunzwa kwao.
Kosa, mstari wa nne.

Akainama chini ya meza,
akachomoa waya.